Mtungi wa naitroksi: ujue ulichobeba kabla hujaruka majini

Ukiitazama mitungi iliyopangwa kwenye boti inayoelekea Mnemba, macho hayawezi kukuambia upi una hewa ya kawaida na upi una naitroksi. Aluminiamu ni ile ile, vali ni ile ile, na geji inasoma presha ya bar 200 kwa yote. Gesi iliyomo haina rangi, harufu wala ladha ya kuitambulisha. Tofauti ni asilimia chache za oksijeni, na hizo ndizo zinazoamua unaweza kushuka hadi wapi na kukaa chini kwa muda gani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya usalama wa naitroksi huamuliwa nchi kavu, kabla mtu hajalowa.

Jina lenyewe huanza kupotosha mapema. Ufukweni watu wengi huuita "mtungi wa oksijeni". Sivyo. Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni asilimia 20.9, naitrojeni asilimia 78, na karibu asilimia 1 ya gesi nyingine, hasa agoni. Naitroksi ya wapiga mbizi ni hewa hiyo hiyo iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi hadi asilimia 32 au 36. Mchanganyiko wa asilimia 32 uliingizwa mwaka 1979 kwenye mwongozo wa kuzamia wa NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na angahewa, kwa kazi ya Morgan Wells. Mwaka 1985 Dick Rutkowski, aliyetoka idara hiyo hiyo, akaanza kuwafundisha wapiga mbizi wa starehe.

Upotoshaji wa pili ni mbaya zaidi: dhana kwamba naitroksi ni hewa yenye nguvu, kwa hiyo inakupeleka chini zaidi. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Kadiri oksijeni inavyoongezeka kwenye mtungi, ndivyo kina unachoruhusiwa kufika kinavyopungua.

Faida yake iko wapi

Juu ya bahari presha ni bar 1, na kila mita 10 za maji huongeza bar nyingine 1. Kwenye kina cha mita 30, basi, unapumua gesi yenye presha ya bar 4. Kanuni ya Dalton inasema kila gesi kwenye mchanganyiko hubeba fungu lake la presha kulingana na asilimia yake. Ukiwa na hewa ya kawaida kwenye mita 30, fungu la oksijeni ni bar 0.84 na linalobaki, karibu lote naitrojeni, ni bar 3.16. Ukiwa na naitroksi ya asilimia 32 kwenye kina hicho hicho, oksijeni inakuwa bar 1.28 na naitrojeni inashuka hadi bar 2.72.

Naitrojeni ndiyo inayoyeyuka kwenye damu na misuli, na ukipanda haraka mno hutoka kwa viputo na kuleta maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza. Ikipungua kwenye mtungi, mwili unaijaza polepole zaidi. Hesabu yake ni rahisi. Chukua asilimia ya naitrojeni iliyomo, igawanye kwa 79, zidisha kwa kina chako kilichoongezwa 10, kisha toa 10. Kwa asilimia 32 kwenye mita 30 ni 68 gawanya kwa 79, mara 40, toa 10. Jibu ni mita 24.4. Mwili wako unaihesabu naitrojeni kana kwamba uko mita 24.4 ukivuta hewa ya kawaida. Kwenye jedwali la hewa la PADI, shirika linalofundisha wapiga mbizi, mita 30 huruhusu dakika 20 bila vituo vya kupunguza naitrojeni, na mstari wa mita 25 huruhusu dakika 29.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo matangazo hayasemi. Muda huo wa ziada hauna maana kama gesi imekwisha. Mtungi wa aluminiamu wa lita 11 uliojazwa bar 200 una lita 2,200 za gesi. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji huvuta lita 80 kwa dakika kwenye mita 30. Akiacha akiba ya bar 50, amebakiwa na lita 1,650, yaani kama dakika 20 tu. Naitroksi haiongezi hata pumzi moja kwenye mtungi. Faida yake halisi iko kati ya mita 15 na 28, na hasa kwa mtu anayezamia mara mbili au tatu kwa siku, siku kadhaa mfululizo, kwa sababu naitrojeni inayobaki mwilini kati ya mzamio mmoja na mwingine ni ndogo. Wala usitarajie itakuondolea ule ulevi wa kina kirefu: oksijeni nayo inahesabiwa kuwa inalevya, kwa hiyo tofauti utakayoihisi haina uzito wa kuutegemea.

Sakafu usiyoiona

Oksijeni tunayoihitaji ili tuishi hugeuka sumu ya ubongo presha yake ikizidi. Ukomo unaofundishwa ni bar 1.4 kwa mzamio wa kawaida, na bar 1.6 ni akiba ya dharura, si lengo la kupangia safari. Kupata kina cha ukomo cha mtungi wako, gawanya 1.4 kwa sehemu ya oksijeni, toa 1, zidisha kwa 10. Asilimia 32 inakupa mita 33.7. Asilimia 36 inakupa mita 28.8. Asilimia 40 inakusimamisha mita 25. Siku zote punguza desimali, usiipandishe.

Kuna pia ukomo wa muda. Kwenye majedwali ya NOAA, bar 1.4 inaruhusiwa kwa dakika 150 kwa mzamio mmoja na 180 kwa siku nzima. Kwenye bar 1.6 mzamio mmoja unaruhusiwa dakika 45 tu. Tazama anguko hilo: presha imeongezeka kidogo sana, lakini muda umekatwa zaidi ya theluthi mbili.

Kinachotokea ukizidisha ni degedege. Wakati mwingine hutanguliwa na macho kuona kama kupitia mrija, masikio kuvuma, kichefuchefu, midomo au mashavu kucheza-cheza, hasira zisizo na sababu, au kizunguzungu. Wakati mwingine hakitangulii kitu. Nchi kavu mtu huanguka, hutikisika, kisha huamka. Chini ya maji kifaa cha kupumulia humtoka mdomoni, na kinachomuua ni kuzama. Na ukomo hauko mahali pamoja kwa kila mtu wala kwa kila siku. Kupiga miguu kwa nguvu dhidi ya mkondo na kubana pumzi hukusanya kabonidayoksaidi mwilini, na gesi hiyo hufungua mishipa ya damu ya ubongo na kuiruhusu oksijeni nyingi zaidi kufika huko. Dawa za kufungua pua zenye pseudoefedrini nazo huepukwa na wanaozamia kwa naitroksi.

Kwa mtu anayezamia ghuba ya Chole kisiwani Mafia, ambako sehemu kubwa haifiki mita 30, sakafu ya mchanga humlinda hata akisahau. Pemba ni habari nyingine. Kuta za matumbawe upande wa Misali huporomoka mamia ya mita kuingia kwenye mkondo wa Pemba, maji yakiwa maangavu kiasi kwamba mita 38 zinaonekana kama mita 20. Hapo hakuna mchanga wa kukuzuia. Sakafu yako ni namba uliyoiandika kwenye mtungi, na lazima uilinganishe na kina unachokisoma mkononi kila dakika chache. Ukuta wa namna hiyo ukiwa na mtungi wa asilimia 36 ni uamuzi mbaya hata kwa mwenye uzoefu. Asilimia 32, au hata 28, inafaa zaidi.

Kupima: kazi ambayo huwezi kumwachia mwingine

Kanuni haina mjadala: anayeutumia mtungi ndiye anayeupima, au anasimama pale unapopimwa na kuisoma namba kwa macho yake. Stika ya jana si kipimo. Neno la kijana wa kompresa, hata awe mwaminifu namna gani, si kipimo.

Kipima oksijeni hutumia seli ndogo ambamo oksijeni huliwa taratibu na kuzalisha umeme kidogo, milivolti chache tu hewani. Seli huanza kuchakaa tangu siku ilipofungwa kiwandani, utumie usitumie, na wengi huibadilisha baada ya miaka miwili hadi mitatu. Dalili za seli inayokufa ni namba isiyotulia, kushindwa kufika 20.9 hata ukizungusha kitufe hadi mwisho, na kusoma chini sana inapopewa oksijeni safi.

Kabla ya kupima lazima kifaa kisawazishwe, na hapa pwani yetu ina mtego wake. Watu wengi hukiweka hewani na kukirekebisha kisome 20.9. Lakini 20.9 ni ya hewa kavu. Kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kabisa wakati wa masika, mvuke wa maji huchukua zaidi ya asilimia 3 ya hewa, na oksijeni halisi mbele ya seli ni kama asilimia 20.2. Ukikilazimisha kifaa kiamini hiyo ni 20.9, kitauona mtungi wenye asilimia 32 kavu kuwa una 33.1. Kwa upande wa sumu ya oksijeni umekosea kwa usalama. Kwa upande wa naitrojeni umejidanganya, kwa sababu kompyuta yako itakupa dakika ambazo hukuzilipia. Dawa ni kusawazisha kwa hewa kavu kutoka kwenye mtungi wa hewa ya kawaida uliojazwa na kompresa yenye vichujio vizima, kwa mtiririko ule ule utakaoutumia kupimia naitroksi.

Mtiririko huo uwe lita 1 hadi 2 kwa dakika, sauti ya mnong'ono tu. Ukifungua vali kwa pupa, presha hujilimbikiza mbele ya seli na namba hupanda kwa uongo. Ukifungua kidogo mno, hewa ya nje hupenya na namba hushuka. Subiri hadi namba itulie, mara nyingi sekunde 30 hadi dakika nzima. Usipime kifaa kikiwa kimetoka juani, wala mtungi ukiwa bado moto kutoka kwenye kompresa. Kisha funga vali, angalia tena kifaa hewani: kama hakikurudi pale ulipokianzia, rudia yote. Tofauti inayokubalika kati ya ulichoagiza na ulichopata ni asilimia 1 juu au chini, na hata ndani ya hiyo unatumia namba uliyoisoma, si uliyoiagiza.

Andika hapo hapo, kabla hujaongea na mtu: asilimia ya oksijeni, kina cha ukomo kwa mita, presha, tarehe, na jina lako au herufi zako. Mkanda wa karatasi na kalamu isiyofutika vinatosha. Kina cha ukomo kiandikwe kwa tarakimu kubwa, mahali mwenzako anapoweza kukisoma ukiwa umeuvaa.

Halafu ingiza asilimia hiyo kwenye kompyuta ya mkononi. Ajali za kimyakimya hutokea hapa. Baadhi ya kompyuta hurudi zenyewe kwenye hewa ya kawaida usiku wa manane au baada ya saa kadhaa, na nyingine hubaki na mpangilio wa jana. Mwenye mtungi wa asilimia 36 na kompyuta inayodhani ni 21 hataonywa anapopita mita 29. Mwenye mtungi wa 21 na kompyuta inayodhani ni 36 ataruhusiwa kukaa chini hadi aumwe.

Kujaza, na kwa nini usafi si urembo

Vituo vingi vya nchi za joto hutumia utando maalumu: hewa ya kompresa ndogo husukumwa kwenye nyuzi zenye uwazi ndani, oksijeni hupenya kuta zake haraka kuliko naitrojeni, na gesi iliyopenya, yenye oksijeni hadi karibu asilimia 40, huingia kwenye kompresa kubwa. Hakuna oksijeni safi inayogusa mtungi, na hiyo ndiyo nguvu ya njia hii.

Njia nyingine ni kutia kwanza oksijeni safi kwenye mtungi mtupu, kisha kumalizia kwa hewa. Kupata bar 200 za asilimia 32 unatoa 21 kwenye 32, unagawanya kwa 79, unazidisha kwa 200: bar 27.8 za oksijeni, halafu hewa hadi 200. Kosa la bar 3 kwenye geji ya bei rahisi hubadilisha mchanganyiko kwa zaidi ya asilimia 1. Ukitia oksijeni haraka, mtungi hupata joto, geji inasoma 27.8 wakati gesi iliyoingia ni pungufu, na mwishoni unapata 30 badala ya 32.

Lakini kosa la hesabu utaligundua kwenye kipimo. Kosa la usafi hugunduliwa kwa moto. Oksijeni safi yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa, grisi ya silikoni au hata mafuta ya alama za vidole, kinachohitajika ni joto tu, na joto hilo hutengenezwa na gesi yenyewe. Ukifungua vali kwa ghafla, gesi hugonga mwisho wa bomba, hubanwa ghafla na kupanda joto kwa mamia ya nyuzi ndani ya sehemu ya sekunde. Ndiyo maana mitambo ya oksijeni haitumii vali za kufunguka kwa robo ya mzunguko. Hutumia zile za kuzungusha taratibu. Oksijeni huingizwa kwa bar 4 au 5 kwa dakika, si zaidi. Mtungi na vali huoshwa kwa sabuni maalumu hadi visibaki na chembe ya mafuta, pete za mpira hubadilishwa kuwa za Viton, mpira unaostahimili oksijeni, na grisi huwa ile isiyoungua kama Christo-Lube au Krytox.

Watu wengi huchanganyikiwa na kanuni ya asilimia 40. Inasema kwamba vifaa vya kawaida vinaweza kutumika na mchanganyiko usiozidi asilimia 40, isipokuwa mtengenezaji amekataza. Kanuni hiyo inahusu gesi inayopita kwenye kifaa. Mtungi unaojazwa kwa kutia oksijeni kwanza hupokea asilimia 100, hata kama mwisho wake ni 28. Kwa hiyo lazima uwe msafi wa oksijeni, pamoja na vali yake. Na usafi huo hupotea mara moja: ujazo mmoja wa hewa kutoka kompresa yenye kichujio kilichochoka huacha ukungu wa mafuta ndani, na mtungi uliokuwa salama haupo tena. Stika ya "safi kwa oksijeni" inapaswa kung'olewa siku hiyo hiyo.

Kompresa hiyo hiyo iangaliwe kwa kabonimonoksaidi pia. Ikivuta moshi wa jenereta iliyo upande upepo unakotoka, au mafuta yake yakiungua kwa joto, gesi hiyo huingia mtungini bila harufu, na kina huizidishia makali kama kinavyozidisha kila gesi nyingine.

Mtungi ambao haujaisha

Mkanganyiko mkubwa huletwa na mtungi uliorudi na gesi ndani. Chukua mtungi wenye bar 80 za asilimia 36, ujaze kwa asilimia 32 hadi bar 200. Zidisha 80 kwa 36, 120 kwa 32, jumlisha, gawanya kwa 200: asilimia 33.6, na kina cha ukomo ni mita 31.6. Aliyeamini ni 32 na kushuka 33.7 amevuka ukomo. Jaza mtungi ule ule kwa hewa ya kawaida na unapata asilimia 27. Yote mawili yakiachwa chini ya stika iliyoandikwa 36 ni hatari, kwa sababu kompyuta itahesabu naitrojeni pungufu ya iliyomo.

Rangi husaidia, ila usiitegemee. Desturi ya Marekani ni mshipi wa njano na kijani wenye neno naitroksi. Kiwango cha Ulaya cha EN 144-3 kinataka vali yenye uzi wa M26, tofauti na ule wa hewa, na mgeni anayefika Nungwi na rejuleta (kifaa cha kupumulia) ya uzi huo hataweza kuifunga kwenye mitungi mingi ya hapa bila adapta. Mshipi na uzi vinakwambia mtungi ulikusudiwa nini. Havikwambii una nini leo.

Kwenye boti mitungi ya naitroksi ifungwe kando na ile ya hewa, kivulini. Bar 200 za asubuhi hupanda kwa takriban bar 7 kila joto la gesi likiongezeka nyuzi 10, na mtungi ulioachwa juani siku nzima mwaka baada ya mwaka hauna maisha marefu. Ukaguzi wa ndani hufanywa kila mwaka, na kipimo cha presha ya maji kila miaka mitano kwa utaratibu wa Marekani. Mitungi ya zamani ya aloi ya 6351, iliyotengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, imejulikana kupasuka shingoni. Vituo vingi havikubali kuijaza, na vina haki.

Mwenzako akipata degedege chini ya maji, cha kwanza ni mdomo wake. Kifaa kikiwa bado mdomoni, kishikilie hapo, kaa naye kina hicho hadi mtikisiko upoe, kisha mpandishe. Kikiwa kimetoka, usipoteze muda kukirudisha. Anza kumpandisha mara moja. Juu ya maji jaza hewa jaketi lake, mpe pumzi, mtoe kwenye maji.

Mkirudi ufukweni, kila mtungi uliobaki na gesi upewe mstari mmoja wa kalamu juu ya mkanda wake, na mkanda huo ung'olewe kabla mtungi haujapelekwa kwenye kompresa. Anayejaza akiukuta mtungi usio na mkanda, ataupima kwanza. Akiukuta na mkanda wa jana, huenda akauamini.